Mchumba Wangu Alisema PhD ni Miaka Mitatu, Sasa Yuko wa Sita

Assalam aleikum Shangazi, shikamoo.

Mimi ni msichana wa Mombasa, kwetu asili ni Kibokoni lakini sasa twakaa Kisauni, nina miaka 29 na nafanya kazi kwa ofisi moja ya kliaringi upande wa bandarini. Nisamehe nitaandika refu manake hili jambo limenikaa kooni na nyumbani siwezi kuliongea tena, nikifungua mdomo tu mama aanza kulia na baba aanza kuhubiri.

Mwaka wa 2019 mchumba wangu alileta posa, ikapokelewa vizuri, vigelegele vikapigwa, na yeye mwenyewe mbele ya ami zangu akaomba asubiriwe miaka mitatu tu amalize PhD halafu harusi. Watu wakaona mashallah kijana msomi, miaka mitatu ni nini. Anasomea nyasi za baharini, zile zinazoota chini ya maji huko Gazi, ati zanyonya hewa chafu na samaki wazalia humo. Siku ya kwanza nilicheka nikamwambia kwani nyasi nazo zasomewa miaka mitatu, akanijibu wewe ngoja utaona. Kweli nimeona.

Ilipokuja corona akasema corona, hiyo tukaelewa, kila mtu alikuwa ndani. Corona ikapungua akasema kusi limekuwa kali maji hayaonekani. Halafu mvua. Halafu supavaiza amesafiri. Halafu mashine ya maabara imeharibika kwa hivyo sampuli lazima zipelekwe kwengine. Mwaka jana ati pepa yake iko kwa watu wa jarida waisoma, nikamuuliza waisoma miezi minane kwani ni msahafu? Mwaka huu mgomo wa wahadhiri. Nikimuuliza unamaliza lini jibu ni lile lile, "karibu inshallah", na hiyo karibu yake mimi sijui iko wapi tena.

Kinachoniuma zaidi, rafiki yangu wa tangu sekondari, mumewe alienda Uingereza kusoma PhD ya hisabati, miaka mitatu na nusu akarudi keshavaa joho na harusi ikafanywa, mimi ndio nilikuwa mbele nabeba sinia. Jirani yetu naye ana kijana Marekani asoma kemia, yuko mwaka wa tano na mamake hana wasiwasi hata kidogo, asema huko ndio kawaida. Na mtaani tuna mwalimu mkuu mmoja ana miaka tisa asoma PhD ya elimu, watu wamcheka ati hata yeye keshasahau asoma nini. Sasa mkweli ni nani hapa? Ami yangu aliingia Google sebuleni watu wote wako akasoma kwa sauti, "PhD, miaka mitatu". Kisha akanitazama.

Baba amesema kabla ya Ramadhani posa irudi kwao. Na juu ya hayo mwezi uliopita mchumba ameniomba shilingi 120,000, hela zangu za chama nilizokuwa naweka za kununulia fanicha, ati amalizie kupima sampuli za mwisho kisha atanirudishia. Shangazi mimi nampenda, hana mambo mabaya, swala hapitwi, afundisha chuo patitaimu na huko nako pesa zake za muhula uliopita mpaka leo hajalipwa. Lakini nimechoka kuwa "mchumba wa daktari". Nijibu kweli, PhD yaweza kuchukua miaka sita ama nadanganywa, ana mke mwengine huko Gazi?

Mimi mngojaji, Kisauni.

---

Waaleikum salaam mwanangu, marahaba.

La mke wa Gazi siwezi kukuapia, hilo mwambie mjomba wako akalichunguze. Lakini la miaka naweza, manake nimefanya kazi ofisi ya wanafunzi wa uzamili kwa muda mrefu na hizi "karibu inshallah" nimezisikia kwa wanaume kwa wanawake, wa sayansi kwa wa fasihi, mpaka nikawa naweza kujua nani karibu kweli na nani anajifariji. Miaka sita kwa PhD ya mambo ya bahari, hapa Kenya, mtu mwenyewe huku afundisha, si ajabu. Kwa miaka peke yake huwezi kusema ni mwongo. Ila kuna jambo jengine kwenye barua yako ambalo wewe umelipita haraka na mimi ndilo lililonishtua, nitalifikia.

Kwanza hiyo Google ya ami yako. Haikudanganya, ila alisoma mstari mmoja akafunga simu. Kanuni hapa kwetu ni kwamba PhD isipungue miaka mitatu. Isipungue, mwanangu. Ile ni sakafu, hakuna mahali imeandikwa kwamba mtu akifika miaka mitatu ndio amemaliza. Halafu na wafadhili nao wengi hulipia mitatu au minne, basi kila mwanafunzi siku ya kwanza akiulizwa hutaja ile miaka ya pesa, hataji miaka ya kazi. Mchumba wako alipowaambia ami zako mitatu alisema vile wote husema, na pengine mwenyewe aliamini. Kuuliza PhD ni miaka mingapi ni kama kuuliza kuvuka Likoni ni dakika ngapi, maji yenyewe ni hapo tu, lakini feri je, na foleni je?

Sasa mume wa rafiki yako. Hisabati haina maabara, haina mashua, haina sampuli ya kuoza kwenye friza stima ikipotea. Ni mtu na karatasi na kichwa chake, na akipata jambo moja kubwa la kweli aweza kumaliza hata kwa kurasa chache. John Nash yule Mmarekani aliingia Princeton 1948 na 1950 akawa na PhD yake, tasnifu kurasa 28, na ndio hiyo kazi iliyokuja kumpa Nobel ya uchumi 1994. Alafu Uingereza mtu huingia moja kwa moja kwenye utafiti, hakuna madarasa ya kurudia, na ufadhili wao mara nyingi ni kama miaka mitatu na nusu hivi kisha bomba linafungwa, kwa hivyo hata wao wenyewe wanakimbizwa na pesa. Basi huyo shemeji alisoma fani ya haraka kwenye nchi ya haraka. Mpe mkono wa pongezi lakini usimfanye rula ya kumpimia mwenzio.

Na usidhani hisabati ni mteremko. Marekani kuna baraza la vyuo vya uzamili liliwahi kufuatilia wanafunzi wa PhD wa vyuo vingi, matokeo yakatoka 2008, na baada ya miaka kumi tangu waanze waliokuwa wamemaliza walikuwa kama 57 tu kati ya kila 100. Wa uhandisi walikuwa 64, wa sayansi za viumbe 63, lakini hisabati na fizikia na wenzao 55. Yaani kwenye hisabati wanaomaliza humaliza mapema na wasioweza huondoka, na anayeondoka hafanyiwi harusi na joho kwa hivyo wewe humuoni, wamuona yule mmoja aliyerudi. Hata hizo hesabu za "kwa kawaida ni miaka mitano na kitu" unazoziona mtandaoni huhesabu waliomaliza tu, waliokwama njiani hawamo.

Kijana wa jirani yako mamake asema kweli. Marekani mtu aweza kuingia PhD na digrii ya kwanza tu, bila masta, kwa hivyo miaka kama miwili ya mwanzo ni madarasa na mitihani ya kuruhusiwa kuendelea, utafiti wenyewe ndio uanze. Hapa kwetu ile masta mtu kaimaliza kando, miaka miwili mitatu mingine, hakuna anayeihesabu. Kwa hivyo ukiweka mitano ya Marekani na mitatu ya Uingereza kwenye mizani moja umeshakosea kabla hujaanza, manake saa zao hazikuanza kuhesabu pamoja. Wamarekani wenyewe kila anayemaliza PhD hujazishwa fomu, wamefanya hivyo tangu 1957, na ukihesabu tangu mtu aingie masomo ya uzamili mpaka apate PhD, kemia na fizikia huwa kama miaka sita na kidogo, sayansi za viumbe zakaribia saba, fasihi na historia na dini ni zaidi ya tisa, na elimu, sikia hapo, elimu yakaribia kumi na miwili.

Kumi na miwili! Sasa mwalimu wenu mkuu wa mtaani mnayemcheka ana miaka tisa, hata ukimwongezea na ile ya masta, kwa wenzake wa Marekani huyo bado yuko ndani ya msafara. Na si kwa sababu elimu ni ngumu kuliko fizikia. Ni kwa sababu wanaosoma PhD ya elimu ni watu wazima wenye shule za kuendesha, wanafunzi wa kufokea, watoto wa kuwalipia karo, wasoma usiku na wikendi. Nimelisema hili kwa makusudi mwanangu manake na mchumba wako afundisha. Patitaimu ya chuo ndio hula siku za watu, asahihisha mitihani ya wanafunzi mia mbili, halipwi kwa wakati, na nyasi zamngoja Gazi.

Tuje kwa nyasi zenyewe, na hapa nitakaa kidogo manake naona nyumbani kwenu hakuna aliyezichukulia kwa uzito.

Wa kemia mchanganyiko ukiharibika asubuhi, mchana ajaribu tena. Wa panya wa maabara yeye angoja, panya hubeba mimba wiki tatu na watoto wao wachukua kama wiki sita mpaka nane kuwa wa kuzaa, kwa hivyo akitaka kizazi cha tatu miezi imeshaenda. Wa bahari yuko chini ya hao wote. Nyasi zinazoota pale maji yanapokupwa huwezi kuzifikia kwa miguu siku unayotaka wewe, wataka bamvua, yale maji yanayokupwa mbali sana, na bamvua yaja mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, siku chache kisha ni maji mafu tena, ukiwa siku hizo una mtihani wa kusimamia chuoni basi umepoteza wiki mbili. Halafu lazima apime kaskazi na apime kusi, manake asipolinganisha misimu wakaguzi watamuuliza swali la kwanza tu na atashindwa. Kaskazi huja mara moja kwa mwaka. Ukilikosa, hulipati mwezi ujao, ni mwaka mwengine mzima, na kwa kawaida watu hutaka misimu ya miaka miwili ndio waamini kwamba ulichoona hakikuwa bahati.

Sasa mtazame yeye. Amejisajili 2019, mwaka wa kwanza kwa kawaida ni kuandika pendekezo la utafiti na kulitetea na kutafuta kibali cha utafiti cha NACOSTI, ile tume ya serikali ya mambo ya sayansi. Afika 2020 tayari kuingia majini, tarehe 8 Aprili serikali yafunga Mombasa na Kwale na Kilifi, hutoki huingii, Kwale na Kilifi mpaka Juni, Mombasa mpaka Julai. Gazi iko Kwale! Hata angekuwa na mashua na hela na supavaiza mzuri, hangevuka. Na sehemu nzuri ya kusi la mwaka huo ikapita hivyo. Mwisho wa 2023 mvua za El Niño, unazikumbuka, Mombasa barabara ziligeuka mito, na ghuba ya Gazi yaingiliwa na Mkurumudzi upande mmoja na Kidogoweni upande mwengine, mito ikileta tope huwezi kuona hata mkono wako chini ya maji seuze unyasi. Aliposema "mvua" hakuwa akitafuta kisingizio, alikuwa anakupa ripoti ya kazi, ila hakukueleza vizuri na wewe ukasikia porojo.

Mashine kuharibika pia usicheke. Septemba 2008 ule mtambo mkubwa wa fizikia wa CERN kule mpakani mwa Uswisi na Ufaransa uliharibika siku chache tu baada ya kuwashwa, ukarudi kazini Novemba 2009, na kulikuwa na wanafunzi wa PhD dunia nzima waliopanga kutumia data zake. Hao wana pesa za nchi nyingi nyuma yao na bado walingoja zaidi ya mwaka. Yeye angoja mashine moja ya maabara moja.

Na pepa kwa watu wa jarida, miezi minane ni kawaida sana, sisemi ni sawa lakini ni kawaida, wanaozikagua hizo pepa hawalipwi na hujibu wakijisikia, na hapa kwetu huwezi kuhitimu PhD bila kuchapisha pepa. Mgomo wa wahadhiri wa 2025 nao ulikuwa siku 49, ofisi zimefungwa, hakuna wa kusaini fomu.

Mwengine atauliza kwa nini asiache tu aoe afanye kazi. Aache awe nani? Siku hizi vyuo vingi hapa kwetu kazi ya uhadhiri yataka PhD, kwa masta peke yake atabaki patitaimu wa kudai pesa za muhula uliopita mpaka azeeke. Na kazi yenyewe si ya upuuzi, pale pale Gazi watu wa Mikoko Pamoja tangu 2013 wauza hesabu ya hewa ya kaboni inayonyonywa na mikoko na pesa zanunua maji na vitabu vya shule kijijini, na nyasi za bahari ziko mlango wa pili kwa mikoko. Miaka kumi ijayo huyo kijana aweza kuwa mtu anayetafutwa. Basi hilo nimemtetea vya kutosha, sasa nageuka.

Swali lako kwake ni baya. "Unamaliza lini" hakuna mwanafunzi wa PhD duniani ajibuye ukweli, si kwa ubaya, ni kwamba hajui, na aibu yamfanya aseme karibu. Muulize yuko wapi. Data umemaliza kukusanya ama bado? Kama zimebaki sampuli, ni za nini na zajaza pengo la sura gani? Sura ngapi umeshampa supavaiza na ngapi amerudisha? Pepa imekubaliwa, imekataliwa, ama hujatuma? Umeshawasilisha ile notisi chuoni kwamba wakusudia kutoa tasnifu? Hiyo ya mwisho ndiyo kubwa, manake vyuo vingi hutaka notisi miezi kadhaa kabla, na aliyeitoa ana tarehe, anaishi na tarehe. Mtu ambaye yuko karibu kweli atakujibu haya upesi tena kwa hamu, atakuchosha, atafungua laptopu akuonyeshe. Mtu ambaye hayuko karibu atakasirika ama atakwambia "wewe huelewi mambo ya utafiti". Na hata akikujibu, linganisha na mwaka jana. Kama mwaka jana alikuwa na sura mbili na mwaka huu mbili zile zile, hapo hakuna bahari wala mvua, hapo amekwama na ahitaji kuambiwa na mtu anayempenda, na pengine kubadilisha supavaiza. Wapo wengi wa hivyo, waenda majini kila bamvua kwa sababu kwenda majini ni raha kuliko kukaa kuandika.

Pesa. Usimpe. Nasema hivi bila kuzunguka. Utafiti una njia zake za pesa, WIOMSA, ile jumuiya ya wanasayansi wa bahari pale Unguja, hutoa ruzuku za mambo ya bahari ya huku kwetu, kuna mifuko ya serikali, kuna supavaiza ambaye huwa na mradi wake na akitaka huweza kuingiza sampuli za mwanafunzi humo. Kama njia zote hizo zimemkataa ni afadhali ujue kwa nini kabla fanicha yako haijageuka nyasi. Na kama baada ya maswali yale umeona kweli kimebaki kipimo kimoja na moyo wako wataka kusaidia, basi omba bili ya maabara yenyewe, ilipe wewe maabara, na uhesabu umempa, haitarudi. Deni la wachumba lisilo na tarehe halirudi, na likidaiwa huvunja nyumba kabla haijajengwa.

Sasa lile lililonishtua. Mwanangu, ni nani aliyesema nikaha ingoje PhD? Nimesoma barua yako mara ya pili nikitafuta sababu, sikuiona. Mwaka wa 2019 alisema "nimalize halafu harusi", kila mtu akaitikia mashallah na hakuna hata ami mmoja aliyeuliza hayo mambo mawili yahusiana nini. Uholanzi na Norway mwanafunzi wa PhD ni mfanyakazi ana mshahara na likizo ya uzazi, huoa na kuzaa katikati ya tasnifu na hakuna anayeona ajabu. Hapa hana mshahara huo najua, lakini nikaha yenyewe ni walii na mashahidi na mahari mliyokubaliana. Kinachokula pesa ni kesha na mapambo na biriani ya watu mia tano na picha za ufukweni, na hiyo yaweza kungoja miaka kumi wala hakuna atakayekufa.

Na ukisema wacha tungoje tu, amalize, huko mbele kuna posdoki. Kwenye sayansi za viumbe watu wengi wakimaliza PhD huenda kufanya utafiti wa mkataba nchi nyengine, miaka miwili, mitatu, wengine mara mbili. Halafu kutafuta kazi. Kila mara kutakuwa na "acha kwanza". Yule mpiga gitaa wa Queen, bendi ya Freddie Mercury mtoto wa Unguja, Brian May, alianza PhD ya vumbi la angani pale Imperial College 1970, akaiacha kwa ajili ya muziki, akaimaliza 2007. Sasa angekuwa na mchumba Kisauni.

Kwa baba usiende na hesabu za Marekani, hazitamwingia. Baba hataki PhD, baba ataka tarehe, na ana haki, wewe ni bintiye na miaka sita si michache. Muite mchumba kwanza nyinyi wawili, maswali niliyokupa mwanzo, kisha mwambie wataka tarehe ya nikaha ambayo haina neno PhD ndani yake, amemaliza ama hajamaliza. Akikubali aje na wazee wake, atamke mwenyewe mbele ya ami zako kama alivyotamka ile ya kwanza, na yule wa Google akae karibu. Akisema hawezi tarehe, na pia hawezi kukwambia yuko sura ya ngapi, basi mwache baba airudishe posa wala usimlilie mama.

Ila fanya wiki hii, baba asiambiwe lolote kabla hamjakaa nyinyi wawili.